Mto Unaoficha Maji Mchangani

Msomaji wetu wa Makueni anauliza: tulikosa mvua misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, kisha mafuriko ya 2023 na 2024 yakapita mbele ya macho yetu yakielekea Bahari ya Hindi. Kwa nini tusichimbe malambo makubwa tukayazuia?

Kwa sababu jua litayanywa. Ukambani, maji yaliyoachwa wazi hupungua kina kwa takriban mita 2 kwa mwaka kwa kugeuka mvuke tu, hata asipochota mtu.

Bwawa la mchanga hulinyima jua nafasi hiyo. Ukuta wa mawe au zege hukingamishwa kwenye mto wa msimu, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Ukiutazama utadhani mradi umekufa, kumbe maji yamo katika nafasi kati ya chembe, asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wote.

Nini huyazuia yasipande yakakauka? Fikiria kibatari. Utambi wa pamba hupandisha mafuta kwa sababu nafasi kati ya nyuzi zake ni nyembamba mno. Kadiri zinavyobana, ndivyo mafuta yanavyofika juu. Wanafizikia huita nguvu hii kapilari. Mimi naona neno mnyonyo linatosha. Sasa ufumue utambi uwe na nyuzi nene zilizoachana: mafuta hupanda kidogo, hukwama, na mwali huzimika ilhali chupa ingali imejaa. Jua ndilo mwali, ardhi ndiyo utambi. Tope laini ni utambi hodari, huweza kupandisha maji mita moja na zaidi. Mchanga mnene huyainua sentimita chache tu. Maji yakishashuka sentimita 60 hivi chini ya uso, jua huyapata kwa nadra sana.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mto wenyewe ndio unaochagua utambi mbovu. Maji yakienda kasi, chembe nzito hutua nyuma ya ukuta, na tope jepesi huelea likavuka juu na kwenda zake. Ndiyo maana ukuta mrefu uliojengwa kwa mkupuo mmoja huweza kuharibu kazi: maji hutulia, tope nalo hutua. Penye tope jingi ni heri kuuinua kwa awamu, msimu baada ya msimu. Hata hivyo, kuna mito isiyofaa, kama ile inayoleta tope tupu, na wachimba mchanga wa kuuza lazima wazuiwe, maana wakiuondoa mchanga wanaondoa ghala la maji.

Ujuzi huu si mgeni Ukambani. Vikundi vya mwethya, watu wa kijiji wanaosaidiana kazi kwa zamu, vimebeba mawe ya kuta hizi kwa miongo kadhaa. Joshua Mukusya alianza na wenzake wa Utooni, Machakos, mwaka 1978, na huko Kitui shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta hizi pamoja na wanakijiji.

Basi kabla ya kumwita mhandisi, kikundi chako kiwaulize akina mama na wachungaji ni wapi mtoni hufukua mchanga wakapata maji hata Septemba. Huenda chini ya mashimo hayo kuna mwamba usiopitisha maji, na uchunguzi wa mahali pa ukuta uanzie hapo.