Metikali 3,600 kwa Aliyekimbia Kwake: Gunia, Vocha au Simu?

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, waasi walipouvamia mji wa Mocímboa da Praia, watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, wamekuwa wakihama, wakirudi na kuhama tena. Oktoba 2020 majahazi yalikuwa yakishusha familia nzima kwenye ufukwe wa Paquitequete, Pemba. Kufikia mwishoni mwa 2022 waliokimbia makazi yao walikuwa wamepita milioni moja. Wengi wao walipokewa na jamaa na marafiki, wala si kambi, kwa hiyo swali la kumsaidia nani, kwa nini na kwa masharti gani halikubaki kwenye ofisi za mashirika. Limeingia sebuleni.

Tuseme unazo metikali 3,600. Kiasi hiki nimekichagua kwa sababu ndiyo thamani ya vocha ambayo Shirika la Chakula Duniani, WFP, limewahi kutoa kwa kaya moja huko. Kaya ya watu watano, kila mmoja anapata 720. Hela hiyo unaweza kuitoa kwa njia tatu, na kila njia ina makato yake.

Gunia ndilo linalompendeza mtoaji, maana analiona likibebwa. Lakini ukilinunua Pemba na kulipeleka Metuge kwa chapa, yaani basi dogo la abiria, nauli ya mzigo inatoka kwenye zile 3,600 kabla mtu hajala punje. Aliyepokea naye ana gharama zake: mahindi yanataka mashine ya kusaga, maharage yanataka mkaa, mtoto anataka sabuni na dawa ya homa. Ndiyo maana sehemu ya chakula cha msaada huishia sokoni. Mama hutandika kapulana (kanga) yake chini, anapima kikombe kwa kikombe, kwa bei iliyo chini ya ile ya dukani, ili apate cha kupikia kilichobaki. Wapita njia husema hao hawana shida, wanauza. Njaa wanayo, na mkaa hawana.

Vocha inapunguza usumbufu wa mzigo, ila inakufunga kwa mwenye duka aliyesajiliwa na kwa vitu vilivyoruhusiwa. Mwaka 2011 kule Masisi, Kivu Kaskazini, Kongo, shirika la Concern liliwagawia wakimbizi wa ndani msaada wa thamani ileile, wengine kwa fedha, wengine kwa vocha. Mtafiti Jenny Aker alipolinganisha, hakuona tofauti ya maana katika chakula walichokula wala mali walizobaki nazo. Tofauti ilikuwa kwa mgawaji: vocha zilimgharimu zaidi kuziendesha. Yaani ulilipia ulinzi dhidi ya ubadhirifu ambao haukuwapo.

Fedha kwa simu, iwe M-Pesa au e-Mola, ndiyo nyepesi kuliko zote. Makato ya kutuma na kutoa yanajulikana mapema; yaulize kwa wakala, kisha uyaongeze juu ili zifike 3,600 kamili. Tatizo ni laini ya simu. Kuisajili kunadai kitambulisho (BI), na mtu aliyekimbia usiku mara nyingi aliiacha BI yake ndani ya nyumba iliyochomwa. UNHCR na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji wamekuwa wakiwasaidia waliohama kupata hati upya, na kwa maoni yangu kazi hiyo ina faida kuliko magunia mengi, ingawa haipigwi picha.

Sasa masharti. Lililo ghali kuliko yote haliandikwi popote: jina lako liwe kwenye orodha. Anayeshika orodha anashika chakula. Aprili 2019, baada ya kimbunga Idai katikati ya Msumbiji, Human Rights Watch ilichapisha ushahidi wa wanawake waliotakiwa kufanya ngono na viongozi wa mitaa ndipo wapewe chakula. Kila sharti unaloongeza, la kuhudhuria mkutano, la kuishi kambini, la kuleta barua, linampa mtu fulani mhuri, na mhuri huo una bei ambayo wewe mtoaji huioni kwenye risiti.

Hata hivyo, kusema masharti hayafai kamwe ni uvivu. Zomba, Malawi, wasichana waliopewa fedha kwa sharti la kwenda shule walidumu shuleni kuliko waliopewa bila sharti. Lakini ndoa na mimba za mapema zilipungua zaidi kwa wale wasiowekewa sharti, kwa sababu aliyeacha shule aliendelea kupata chochote wakati alipokuwa na shida kubwa zaidi. Vancouver, Kanada, watu 50 wasio na makazi walipewa dola 7,500 za huko kwa mkupuo, bila masharti. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, na siku za kukosa makazi zilipungua. Ni kweli wenye uraibu mkubwa hawakuingizwa kwenye utafiti huo, kwa hiyo tusiufanye msahafu.

Pwani hii mjadala wenyewe ni wa zamani. Kila Ramadhani Mashafii hutoa zakatul-fitri kwa pishi ya chakula, na Mahanafi huruhusu thamani yake kwa fedha. Lakini zaka ikishamfikia fukara ni mali yake. Hakuna anayemfuata mwezi wa Shawwal kumuuliza alikula nini. Masimango baada ya kutoa yamekatazwa waziwazi.

Uamuzi wangu: duka likiwa wazi na barabara inapitika, tuma fedha bila sharti, na ugawe sehemu kwa mwenye nyumba aliyewapokea, maana sufuria lake ndilo linalopungua. Maduka yakiwa yamefungwa au kuporwa, kama Palma baada ya tarehe 24 Machi 2021, au njia ikikatika, kama baada ya kimbunga Kenneth Aprili 2019, peleka chakula, na usisahau mkaa. Na ikiwa moyo hautulii bila sharti, liweke kwa mpelekaji: mpigie mpokeaji mwenyewe, si msimamizi wake, umuulize zimefika ngapi.