Picha ya Moyo na Hatari ya Kiharusi
Kitenzi 'papatika', tusemacho kwa kuku aliyechinjwa, chaeleza vyema chumba cha juu cha moyo kinachotikisika ovyo badala ya kusinyaa. Damu hutuama humo na kuganda. Bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Mgonjwa wa Moi's Bridge anayepelekwa Eldoret yafaa apigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ijulikane kama vali ya mitrali imebanwa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ikiwa imebanwa kwa kiasi cha wastani au zaidi, hapana haja ya kuhesabu alama za umri na shinikizo la damu: hupewa wafarini, iliyookoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani katika utafiti wa INVICTUS (2022). Lakini picha ya kifuani aghalabu haioni bonge lililojificha. Kutoonekana kwake si ruhusa ya kuacha dawa.