Hellen Wawira na Medali ya Shaba: Ufahamu Mchezo wa Kunyanyua Uzani kwa Watu Wenye Ulemavu

Eldoret inajulikana kwa wakimbiaji. Hata hivyo, kati ya medali 21 ambazo Kenya ilishinda katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Birmingham, Uingereza, mwaka wa 2022, moja ilipatikana kwenye benchi la kunyanyulia uzani. Ni medali ya shaba ya Hellen Wawira Kariuki katika kitengo cha wanawake wepesi wenye ulemavu. Mwaka mmoja awali, aliiwakilisha nchi katika Paralimpiki ya Tokyo, kitengo cha kilo 41.

Kwa wazazi wa Huruma wanaolea wasichana wenye ulemavu, ushindi huo una maana kubwa. Mchezo huu hauhitaji miguu yenye nguvu.

Unavyochezwa

Washiriki ni wenye ulemavu wa miguu au nyonga, au wenye kimo kifupi. Mchezaji hulala chali na kushika fito ya chuma ambayo ikiwa tupu ina kilo 20. Akipewa ishara, huishusha hadi kifuani, huituliza kabisa, kisha huisukuma juu hadi mikono yote miwili inyooke kwa pamoja. Ana majaribio matatu.

Waamuzi watatu huwasha taa nyeupe au nyekundu, na nyeupe mbili zinatosha. Fito ikidunda kifuani au mkono mmoja ukitangulia, jaribio hukataliwa hata kama uzani umefika juu. Ndiyo maana nguvu pekee haitoshi.

Wanaume walianza kushindana katika Paralimpiki mwaka wa 1964, nao wanawake wakasubiri hadi Sydney mwaka wa 2000. Katika Jumuiya ya Madola, pointi hukokotolewa kwa kuzingatia uzito wa mwili, hivyo mchezaji mwepesi anaweza kumshinda aliyenyanyua kilo nyingi zaidi.

Heshima sawa

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, wanamichezo wenye ulemavu huwa katika timu moja na wenzao, na medali zao huingia katika jedwali lilelile. Shaba ya Wawira ilihesabiwa sawa na shaba nyingine yoyote ya Kenya.

Sheria nayo inasisitiza heshima hiyo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa kila mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na kutoitwa kwa majina ya kumdhalilisha. Haki hiyo si ya mabingwa pekee. Inamhusu pia mtoto anayefichwa nyumbani wageni wanapofika.

Hatua za kuchukua

• Mwandikishe mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kupitia eCitizen au ofisi ya Baraza hilo katika kaunti. Atahitaji kwanza kukaguliwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa.

• Muone daktari kabla ya kuanza mazoezi, hasa ikiwa mtoto ana tatizo la uti wa mgongo.

• Asinyanyue akiwa peke yake. Awepo mtu mzima wa kuidaka fito.

• Ulizia nafasi za michezo katika ofisi ya wadi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, kwa hivyo mkazi ana haki ya kuuliza, na pia kulitaja hitaji hili katika vikao vya umma vya bajeti.