Mstaafu Atalipa SHA Pesa Ngapi?

Mshahara ukikoma, makato ya SHA ya asilimia 2.75 hukoma pia. Mstaafu asiye na ajira nyingine hulipa kulingana na mapato ya familia yake, yanayokadiriwa akijibu maswali kupitia *147#. Mchango huo ni wa mwaka mzima.

Chini ya NHIF, mchangiaji wa hiari alilipa Sh6,000 kwa mwaka. Sasa familia iliyokadiriwa kupata Sh10,000 kwa mwezi hulipa kiwango cha chini, Sh3,600. Ya Sh30,000 hulipa Sh9,900.

Aliyesajiliwa hupata matibabu ya kawaida bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Kulazwa hospitalini huhitaji mchango uliolipwa. Wastaafu wanahimizwa kukamilisha makadirio mapema, wasisubiri kuugua.