Meli za kitalii zavuka Atlantiki kukimbia baridi, abiria wanunua siku za bahari

KILA mwaka, ifikapo mwishoni mwa Oktoba, bandari za kusini mwa Ulaya huanza kuagana na wageni wao wakubwa. Meli za kitalii zilizokuwa zikizunguka Bahari ya Mediterania majira yote ya joto hung'oa nanga Barcelona, Genoa na kwingineko, zikaelekeza omo magharibi, kwenye visiwa vya Karibi. Baridi imekwisha kuingia kaskazini, na huko ziendako msimu wa watalii ndio kwanza unaanza.

Kwa wenye meli, safari hiyo ni sawa na kuhamisha mtambo kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine. Meli lazima ivuke bahari, iwe na abiria au isiwe nao, na mafuta yatachomwa yaleyale. Ndiyo sababu vyumba vyake, mtu akipiga hesabu ya siku moja moja, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko ziara za kawaida za wiki moja. Hata hivyo, anayelipia tiketi ya namna hiyo ananunua pia jambo ambalo wengi hawalipimi mapema: siku sita hivi mfululizo za maji matupu.

Kutoka Gran Canaria, mojawapo ya visiwa vya Kanari vilivyo chini ya Hispania, hadi Saint Lucia ni maili za baharini zipatazo 2,700, yaani kilomita 5,000. Meli yenye mwendo wa noti 19 huhitaji takriban siku sita usiku na mchana kuumaliza umbali huo. Kabla ya hapo hutia nanga Madeira au Tenerife, ambako abiria hupata nafasi ya mwisho ya kukanyaga nchi kavu na kununua dawa alizosahau nyumbani.

Tarehe za safari hazikupangwa kwa kubahatisha. Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, nao hupamba moto Agosti na Septemba. Meli inayowasili katikati au mwishoni mwa Novemba huwakuta watu wa visiwani wakiwa wamekwisha kuvuta pumzi.

Njia nayo ni ya kale. Christopher Columbus aliondoka kisiwa cha La Gomera Septemba 6, 1492, na Oktoba 12 mwaka huohuo akaiona nchi kavu katika visiwa vya Bahama. Alisukumwa na pepo za biashara zivumazo kutoka kaskazini mashariki, upande uleule unaotoka kaskazi ya mwambao wa Afrika Mashariki. Tofauti ni kwamba kaskazi humpisha kusi, na jahazi lililokwenda hurudi kwa njia ileile; pepo za Atlantiki hazigeuki. Nahodha wa tanga aliyetaka kurejea Ulaya alilazimika kupanda kaskazini kutafuta upepo wa magharibi karibu na visiwa vya Azores. Hadi leo meli nyingi zinazorudi Ulaya mwezi Aprili hupitia huko, ingawa injini hazina haja ya kuomba ruhusa ya upepo.

Kwa kwenda magharibi, upepo na mawimbi hutokea upande wa tezi, hivyo mtikisiko huwa mdogo. Safari ya kurudi ndiyo yenye sifa ya kwenda mrama, na mwenye tumbo jepesi hushauriwa kuchukua chumba cha katikati ya meli, tena cha sitaha za chini. Mpenda jua naye achague upande wa kushoto anapokwenda Karibi, kwa kuwa mwezi Novemba jua huinama kusini.

Saa za Barbados ziko nyuma ya zile za Kanari kwa saa nne. Meli hurudisha saa nyuma kidogo kidogo, na abiria hujikuta mara kadhaa wakiishi siku ya saa 25. Wanaorejea Ulaya hunyang'anywa saa hizo moja baada ya nyingine, na huenda hilo ndilo huwachosha kuliko mawimbi.

Zamani hapakuwa na njia nyingine ya kuvuka. Meli za abiria zilikuwa daraja la Ulaya na Marekani hadi Oktoba 1958, ndege za jeti zilipoanza kubeba abiria wa kulipa juu ya Atlantiki, na kwa miaka michache tu biashara hiyo ya meli ikadhoofika. Waliosalia waligeukia starehe. Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, ilijengwa kwa mtindo wa zamani, ikiwa na ubavu mnene na omo refu la kupasua mawimbi ya kaskazini. Meli za kitalii za kawaida ni ndefu kwenda juu na pana, zilizokusudiwa bahari tulivu, na hiyo ni sababu nyingine ya kushika njia ya kusini.

Katikati ya bahari, helikopta za uokoaji hazifiki. Meli huwa na zahanati, daktari na wauguzi, lakini mgonjwa wa kupasuliwa hulazimika kungoja, au meli igeuzwe. Bima ya matibabu inayogharimia kumsafirisha mgonjwa si jambo la kubania fedha, hasa kwa wastaafu, ambao ni wengi katika safari hizi.

Zoezi la usalama pia limekazwa. Januari 13, 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda jioni hiyohiyo na hawakuwa wamefanya zoezi lolote. Tangu mwaka 2015 sheria ya kimataifa inataka zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Abiria wachache huwauliza wahudumu wamefanya kazi kwa saa ngapi. Wengi wao hutoka Ufilipino, Indonesia na India, kwa mikataba ya miezi kadhaa, chini ya bendera za nchi kama Bahama, Panama au Malta ambazo wengine hawajapata kuziona. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unawahakikishia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Bakshishi ambayo kampuni nyingi huikata kila siku kwenye hesabu ya abiria ni sehemu ya kipato chao, si pambo la ankara.

Baada ya hayo yote, visiwa. Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na nchi yenyewe ilimwondoa malkia wa Uingereza katika ukuu wa dola na kuwa jamhuri Novemba 30, 2021. Chakula chake cha taifa ni samaki arukaye pamoja na cou-cou, unga wa mahindi uliosongwa na bamia. Mla ugali hataona ugeni. Saint Lucia ina vilele viwili vya Pitons vinavyochomoza baharini, na imetoa washindi wawili wa Nobel, Arthur Lewis mwaka 1979 na Derek Walcott mwaka 1992. Huko Martinique, mji wa Saint-Pierre uliteketezwa na volkano ya Pelée Mei 8, 1902, na watu wapatao 28,000 wakafa.

Wenyeji wengi wa visiwa hivyo ni uzao wa Waafrika waliovushwa bahari hiyohiyo kwa minyororo. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu milioni 12.5 walipakiwa melini kati ya karne ya 16 na ya 19, na kama milioni 10.7 ndio waliofika hai. Wengi walitoka Afrika Magharibi na Kati, lakini wamo pia waliochukuliwa Msumbiji. Vipeperushi vya safari hulipitia jambo hilo kwa sentensi moja, pengine hata hiyo isiwepo.

Msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi ana hesabu nyingine: viza. Kupanda meli Hispania kunahitaji viza ya Schengen, na ikiwa safari inaishia Florida, ya Marekani pia. Martinique ni sehemu ya Ufaransa lakini imo nje ya eneo la Schengen, hivyo viza ya Ulaya isidhaniwe kuwa inatosha huko. Kampuni ya meli humkatalia kupanda asiyekuwa na karatasi kamili, na nauli hairudi.

Tiketi yenyewe ni ya kwenda tu. Ndege ya kurudi kutoka Bridgetown hadi Afrika Mashariki hupitia London au mji mwingine mkubwa, ambako viza ya kupita yapasa kuulizwa mapema, na bei yake huweza kuumeza unafuu wote uliopatikana baharini. Anayesafiri peke yake huenda pia akatozwa nauli ya karibu watu wawili, kwa kuwa vyumba vingi vimepangiwa bei ya wawili.