“Réseau hakuna”: msimamizi wa mifumo na lugha zake tatu katika Majengo

Katika kata ya Majengo, tarafa ya Karisimbi, kaskazini mwa jiji la Goma, ofisi yenye kompyuta haipitishi wiki bila mtu kusema: “Réseau hakuna.” Anayeambiwa hivyo ni msimamizi wa mifumo ya kompyuta, ambaye wengi humwita tu “informaticien”. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba seva, mtandao, akaunti za watumiaji na data za ofisi vinafanya kazi leo na vitafanya kazi kesho. Makala hii inaeleza kazi hiyo na kutetea hoja moja: sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha, na neno lisiloeleweka linaweza kupoteza data sawa na umeme unaokatika ghafla.

Lugha tatu kwenye meza moja

Ujumbe wa hitilafu hutokea kwenye kioo kwa Kiingereza. Ripoti ya hitilafu hiyo huandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya nchi. Maelezo kwa mtumiaji hutolewa kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hata sheria inayohusu mambo ya dijitali nchini, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, imeandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo msimamizi wa mifumo hufasiri siku nzima, ingawa hakuna aliyemwajiri kuwa mfasiri.

Réseau ipi?

Turudi kwenye sentensi yetu. Katika Kiswahili cha Goma, neno “réseau” linabeba maana kadhaa. Huenda simu haipati mawimbi. Huenda kompyuta haijaunganishwa na Wi-Fi ya ofisi. Huenda imeunganishwa, lakini haikupewa anwani. Huenda ofisi imemaliza mega ilizolipia. Au huenda intaneti ipo, ila mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za tarakimu, yaani DNS, haujibu.

Msimamizi hawezi kutengeneza “réseau” kwa jumla; lazima ajue ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo huuliza hatua kwa hatua. Je, taa za ruta zinawaka? Je, mashine inaifikia ruta? Je, inaifikia anwani ya tarakimu iliyo nje ya ofisi? Je, inaifikia tovuti kwa jina lake? Ikijibiwa kwa tarakimu lakini si kwa jina, kosa liko katika DNS. Ni kama mtu mwenye simu nzima na salio la kutosha ambaye amepoteza orodha ya majina: laini inafanya kazi, lakini hajui namba ya kupiga.

Mwanafunzi wa isimu ataona hapa neno moja lenye maana nyingi, na muktadha usiotosha kuonyesha ipi imekusudiwa. Ndiyo maana swali la kwanza la msimamizi mwerevu huwa: “Unaona nini kwenye kioo?” Jibu lake humpa kitu cha kushika.

Neno “sauvegarder” na mémoire iliyopotea

Mfano wenye gharama kubwa zaidi ni “sauvegarder”. Katika Kifaransa cha kila siku kitenzi hiki kina kazi mbili: kuhifadhi faili unayoiandika, na kutengeneza nakala yake ya akiba mahali pengine. Kiswahili chetu kimekipokea pamoja na utata wake wote. Mwanafunzi anayeandika mémoire akisema “nimesauvegarder”, anamaanisha kwamba amebonyeza kitufe na faili imo ndani ya mashine. Msimamizi anayemsikia anaweza kudhani kuna nakala ya pili. Diski ikiharibika, kila mmoja hugundua kwamba mwenzake alikuwa akisema jambo jingine, na kazi ya mwaka mzima imekwenda.

Kiswahili kinaweza kututoa katika utata huu. Tukisema “kuhifadhi” kwa kitendo cha kwanza na “kuweka nakala ya akiba” kwa cha pili, swali linakuwa wazi: “Umehifadhi, sawa, nakala ya akiba iko wapi?” Neno “wapi” lina uzito hapa, maana nakala isiyo na mahali pake pengine si akiba.

Umeme na saa

Kompyuta inapofanya kazi, sehemu ya data hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuandikwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya uandishi huo, faili inaweza kubaki nusu. Ndiyo sababu seva huunganishwa na onduleur, kifaa chenye betri. Wengi hukitazama kama jenereta ndogo, na hapo ndipo huharibu mambo: kazi yake ni kutoa dakika chache za kuzima seva kwa utaratibu. Anayeunganisha printa na televisheni hapo hapo anazila dakika hizo.

Saa nayo ni somo la lugha. Kazi nyingi za seva hujiendesha usiku, wakati watumiaji ni wachache. Mkuu wa ofisi akisema kwa Kiswahili “ifanyike saa nane usiku”, tarakimu ya kuandika ni 2, kwa sababu Kiswahili huanza kuhesabu saa za usiku jua linapozama, na mashine huanza usiku wa manane. Anayeandika 8 ataianzisha kazi nzito asubuhi, wafanyakazi wanapofungua mashine zao. Zaidi ya hayo, Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Katika orodha ya majira ya kompyuta, saa yetu hupatikana kwa jina la Lubumbashi. Jina la Goma halimo. Anayechagua Kinshasa kwa kuwa ni mji mkuu atapata kumbukumbu za matukio zilizochelewa kwa saa moja, na atakapotafuta nani aliingia kwenye akaunti na lini, ushahidi utampotosha.

Nakala iliyo chini ya paa lile lile

Wasimamizi wa mifumo duniani hufundishwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za data, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mbali na jengo. Majengo inaielewa kanuni hii bila mwalimu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na lava ikasimama Buhene, kwenye mlango wa jiji. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, serikali ya mkoa iliamuru wakazi wa kata kumi waondoke, Majengo ikiwa mojawapo. Watu walikimbilia Sake, Gisenyi na Bukavu wakiwa na walichoweza kubeba. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa.

Hapa kuna mafundisho mawili. Diski ya akiba iliyofungiwa kabatini, mita mbili kutoka kwenye seva, itaungua au kuibwa pamoja nayo. Nayo nakala iliyo kwenye intaneti peke yake haifikiki intaneti isipokuwepo. Inahitajika moja ya mbali na moja ya mkononi, na kila moja ijaribiwe kwa kufunguliwa kweli. Inahitajika pia karatasi yenye maelekezo ya kurudisha data, katika lugha ambayo anayebaki ofisini anaisoma vizuri, kwa sababu siku hiyo msimamizi anaweza kuwa ng'ambo ya ziwa.

Kazi inayotuhusu

Karatasi hiyo ni kazi ya watu wa lugha. Njia si mpya: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, baada ya watafsiri kuamua neno kwa neno namna ya kuiita kila amri. Goma haihitaji kuanza na programu nzima. Inatosha kamusi ndogo ya maneno hamsini, iliyokusanywa kwa kusikiliza watumiaji na wasimamizi wakizungumza, inayotenganisha kuhifadhi na nakala ya akiba, Wi-Fi na intaneti, saa ya Kiswahili na saa ya mashine. “Neno la siri” lingefaa kuangaliwa upya humo: jina lenyewe, kama “mot de passe”, humfanya mtu achague neno moja fupi, ilhali usalama hudai fungu refu la maneno.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti ana moja hapa. Kabla ya kuanza kuandika, basi, aweke nakala ya akiba ya mémoire yake nyumba nyingine.