Je, Wajua? Mtoto wa Utumwani Aliyeongoza Msafara
Ng'ambo ya maji kutoka mtaa wa Ndia Kuu, Mombasa, upande wa Kisauni, ndipo ilipo Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875. Baadhi ya walimu wake walitekwa wakiwa watoto, wakapoteza wazazi, wakaokolewa na kusomeshwa Nasik, India. Mmoja wao, William Jones, alipewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington kuelekea Uganda. Askofu akatangulia, akamwacha Jones na wapagazi wengi kwa Sundu, Mumias ya leo. Habari zikarudi: Askofu kauawa Busoga! Jones akawarejesha waliobaki hadi Rabai, Februari 1886, wakipeperusha bendera yenye neno la Biblia “Ikabodi”, yaani utukufu umeondoka. Vitabu humsifu Hannington. Aliyewafikisha watu nyumbani ni Jones.